Wenye gari za juu Mbeya, Iringa na Njombe: tairi za AT zinawafanyiaje kazi? Leteni uzoefu

Mwanaumalila:

Kamwene wakuu, na wa Rungwe mugonile.

Kila mvua zikikaribia swali la tairi linarudi, mtu anauliza "ninunue AT gani" (all-terrain, tairi za lami na njia mbovu pamoja) anatajiwa jina moja la tairi afu mazungumzo yanaishia hapo. Mi naomba huu uzi uwe wa wenye gari zenyewe na wa huku nyanda za juu, maana ushauri wa mtu anayezunguka kwenye tambarare ya pwani hautufai sana sisi. Huku asubuhi uko Mbalizi kwenye lami, saa nne uko Ilembo kwenye utelezi, jioni unashuka mlima wa Iwambi na mzigo nyuma na mvua inapiga, na tairi ni zile zile nne.

Mi ni mtu wa viazi, natembelea Hilux double cabin, saizi ya kiwandani 265/65R17. Nimeanza na tairi za lami zilizokuja na gari, nikahamia AT, na hizi nilizonazo sasa ni AT pia. Ninachotaka kukisema mapema kabisa ni kwamba watu dukani wanaangalia kashata tu, yale meno ya tairi. Zikiwa kubwa na zimekaa kibabe basi mtu anatoa hela. Kwangu mimi kashata ni kitu cha mwisho kuangalia, anza na ubavu, uzito ambao tairi inabeba na mwaka iliyotengenezwa, na ukishaifunga kwenye gari kazi kubwa inayobaki ni upepo.

Kwanini ubavu. Njia zetu za Umalila maji yakishakula barabara unabaki unatembea tairi mbili ziko mferejini mbili ziko juu, na kwenye ukuta wa ule mfereji kuna mawe yamejificha kwenye tope. Msumari unakutoboa katikati, unaziba pale pale unaendelea na safari. Jiwe linachana ubavuni na hiyo haina dawa. Tairi ya lami ubavu wake ni mwembamba, kwahiyo inachanika kirahisi. Zile AT zenye herufi LT mbele ya saizi zimetengenezwa kwa gari za kazi na ubavu wake ni mgumu zaidi, BFGoodrich KO2 kwa mfano ina tabaka tatu za nyuzi ubavuni. Na hapo kwenye tabaka wauzaji wanawachanganya watu sana: ukikuta imeandikwa 10PR sio kwamba ndani kuna tabaka kumi, ni kipimo cha nguvu tu kilichobaki toka enzi tairi zinatengenezwa kwa nyuzi za pamba.

Uzito nao umeandikwa pale pale baada ya saizi. Namba 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, 121 ni kilo 1,450. Anayebeba viazi, mbao au mbolea asome hiyo namba kabla ya kusoma bei.

Afu kuna ile M+S. Utaambiwa "bosi hii ni ya matope kabisa, ona imeandikwa". M+S ni tope na theluji kweli, lakini mtengenezaji anaiweka mwenyewe kwa kuangalia mpangilio wa mifereji ya tairi, na tairi nyingi sana za lami zinayo. Isikufanye uamini umenunua AT.

Mwaka angalia ubavuni kwenye maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna tairi za mtumba zinashushwa zikiwa na kashata nzuri tu mpaka unashangaa, kumbe mpira umeshakufa, ukiikunja kidogo unaona vijinyufa kwenye shina la kashata. Tairi ya hivyo usishuke nayo Kitonga, hata ukipewa bure.

Haya, mi nimeanza. Taja gari yako, saizi, njia unazopita na kilichokukuta.

Dereva wa Msembe:

Kamwene mkuu, mada nzuri hii. Mi niko Iringa napeleka wageni Ruaha, gari ni Land Cruiser mkonga ile ya 70 inayovaa 7.50R16. Kwetu adui sio tope, adui ni changarawe yenye vijituta vidogo vidogo, yaani unatetemeka kama unaendesha juu ya bati kilomita na kilomita. Hapo tairi inapata moto, shokapu inapata moto, kila kitu kinalegea.

Wengi wakifika pale wanajaza upepo mpaka tairi inakuwa jiwe eti isipasuke. Tairi ngumu hairuki tu, inapokea jiwe kwa nguvu zote na ndio inakatika. Mi nikiacha lami napunguza, sio sana, robo hivi ya upepo niliokuwa nao, na mwendo napunguza pia, maana upepo mdogo na mwendo mkubwa ndio inayoua tairi kwa joto. Kipimo ninachofuata ni hiki: pima asubuhi tairi ikiwa baridi, pima tena baada ya mwendo wa saa moja hivi. Ikiwa imepanda zaidi ya psi 4 basi ulianza na upepo mdogo mno kwa mwendo na mzigo ulionao. Ikipanda chini ya hapo ulijaza mno.

Ndani ya hifadhi ni miiba. Miiba ya migunga inaingia taratibu, unalala vizuri unaamka tairi iko chini. AT zimenisaidia hapo sababu mpira wa kukanyagia ni mnene, mwiba mwingi unavunjikia humo humo haufiki ndani. Sio wote lakini. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri na ile kamba nyeusi ya kuzibia tubeless usitoke Iringa mjini bila hivyo vitu.

Binti Tukuyu:

Samahanini kaka zangu, mi nina RAV4 ya zamani ile ya kizazi cha pili, inavaa 215/70R16, nakaa Tukuyu na shamba liko kule juu ya Isongole. Mnajua mvua ya kwetu, Mbeya mjini zikishakata sisi bado tunanyeshewa mpaka mwezi wa tano unaisha. AT kwa gari ndogo kama hii zipo? Na mafuta je? Fundi mmoja kaniambia niweke mbili tu za nyuma nipunguze gharama.

Mwanaumalila:

Dada yangu hiyo ya kuweka mbili za nyuma ikatae kabisa. RAV4 yako inagawa nguvu mbele na nyuma, tairi za mbele zikiwa na mzunguko tofauti na za nyuma ule mfumo wa katikati unahangaika muda wote, unapata moto na mwisho unakufa, na gharama yake utanunua tairi zingine kabisa. Weka nne zinazofanana, jina moja, saizi moja. Hii ni hata kwa wenye Prado na gari zote ambazo 4WD iko muda wote, mpaka spea ifanane.

Saizi yako zipo. Yokohama Geolandar A/T na Bridgestone Dueler A/T zinatengenezwa mpaka saizi za gari ndogo. Ila kwako usitafute LT, gari ni nyepesi, ubavu mgumu mno utakurusha tu na hautapata faida. Chukua AT ya kawaida. Mafuta yataongezeka kidogo na makelele utayasikia kidogo ukifika mwendo wa lami, hilo nisikufiche. Kwa njia ya Isongole mi naona unalipwa, udongo wa volkano ule ukilowa tairi ya lami inajaa tope kwenye vimifereji inabaki kuteleza tu.

Mbao Mgololo:

Wakuu mi napingana na nyie kidogo. AT ni ya mtu anayeonja tope. Sisi tunaotoa mbao Mufindi kule Mgololo na ndani ya Kilolo mvua zikikolea AT inajaa udongo mwekundu baada ya mizunguko miwili inakuwa kipara. MT (tairi ya matope) ndio tairi. Kashata ziko mbali mbali, ukikanyaga mafuta tope linarushwa, tairi inajisafisha. Nimeivuta Hilux ya AT mara nyingi tu na gari langu la MT, sisemi kwa kumdharau mtu ila ndicho ninachokiona kwa macho.

Mwanaumalila:

Mkuu Mbao hapo kwenye tope zito uko sahihi na sibishani na wewe, MT inajisafisha AT haijisafishi kiasi hicho. Swali langu ni lami. Ukitoka Mafinga kuja Mbeya na MT mvua inanyesha ukifika Inyala au Mlimanyoka unashikaje breki? Zile kashata zilizoachana maana yake mpira unaogusa lami ni mchache, na hazina vimifereji vyembamba vya kukata maji. Hata AT yenyewe kwenye lami iliyolowa inasimama mbali kuliko HT (tairi ya lami) nzuri, MT ndio kabisa. Na barabara yetu hii ya Tanzam unajua inavyokuwa, malori ya Tunduma mbele na nyuma, kwenye miteremko huna nafasi ya kusimama mbali. Mtu ambaye safari zake nyingi ni lami na tope ni la kuingia shambani na kutoka, mi namwambia AT. Wewe ambaye gari linalala msituni, MT ni haki yako.

Mbao Mgololo:

Hapo tumeelewana. Mi gari hili halitoki Mufindi, la kwenda Mbeya ni lingine. Na lami inazila hizi MT haraka sana, hilo kweli.

Fundi Mwanjelwa:

Nasoma huu uzi nafurahi maana haya mambo tunayaongea na wateja kila siku pale kijiweni na wengi wanaona kama tunataka kuwauzia kitu.

La kwanza ni hii tabia ya kupandisha saizi. Mtu ana 265/65R17 anataka 265/70R17 gari ikae juu. Hesabu iko hivi, ya kwanza ina kipenyo cha mm 776, ya pili mm 803. Gari inapanda mm 13 tu, yaani sentimita moja na kidogo, sababu nusu ya tofauti iko juu ya ekseli. Spidomita ikikuonyesha 80 wewe uko kama 83. Gari inakuwa nzito kuondoka, na huku kwetu kwenye vilima utaisikia hiyo, haswa kwa injini ndogo. Na ukikata kona usukani mpaka mwisho angalia kama haigusi plastiki za ndani au chesisi. Sio kwamba isifungwe, inafungwa, ila mtu ajue anachokipata.

La pili, ukifunga AT mpya fanya alaimenti siku hiyo hiyo. Kashata za AT ziko juu, mpya zinakuwa na kina cha mm 11 mpaka 13 hivi, alaimenti ikiwa mbovu zinaanza kuliwa upande mmoja kama msumeno na ndio unasikia gari inavuma unafikiri bearing. Ukishafikia kuvuma hivyo haurudi nyuma. Hamisha tairi mbele nyuma kila kilomita 8,000 mpaka 10,000, na spea iingie kwenye mzunguko kama inafanana na zingine.

La tatu ni ubavu wa kushona. Wateja wanatuletea tairi imechanika ubavuni, tunashona, tunaweka kiraka kwa ndani, tunaingiza tyubu. Inatembea, sikatai. Lakini mi kila mteja namwambia hiyo ni ya kukufikisha, isikae mbele na isiende safari ndefu. Ubavu ndio unaojikunja kila mzunguko, kiraka pale hakipumziki, na tairi ikipasuka mbele uko mteremkoni usukani haukusikilizi.

Ile alama ya TWI kwenye mfereji wa tairi iko kwenye mm 1.6, hapo tairi imekwisha kabisa. Lakini AT kwa kazi ya tope inakuwa imeshakwisha mapema zaidi, mi ikishuka mm 5 hivi namwambia mteja hii sasa ni tairi ya lami, masika usiingie nayo shamba.

Mama Parachichi:

Habari zenu. Mimi ni wa Njombe, nafuatilia mashamba ya parachichi na chai upande wa Lupembe. Nina Land Rover Defender inavaa 235/85R16, tairi nyembamba ndefu. Naomba nichangie kwenye wembamba maana naona wote mnaongelea upana.

Udongo wa Lupembe ni mwekundu, juu ni utelezi lakini chini yake kuna ardhi ngumu. Tairi nyembamba inakata ule utelezi inashuka mpaka inakanyaga pagumu. Tairi pana inaelea juu inakuwa inacheza. Nimepita sehemu ambayo gari ya kifahari yenye tairi pana imelala mtaroni na mimi nimepita taratibu gia namba mbili kwenye 4L (4WD ya gia nzito) bila kurusha hata tope. Lakini hiyo hiyo Defender niliipeleka Usangu, upande wa Madibira, kwenye mbuga ya udongo mweusi, kule wembamba haukunisaidia kitu, sababu ule udongo hauna chini. Unakata tu unazidi kwenda. Kule kama imenyesha unasubiri ikauke, au unazunguka, tairi haijatengenezwa ya kukutoa.

Afu upepo ndugu zangu. Masika iliyopita nilikuwa napandisha kilima kimoja kabla ya kijiji, gari imebeba miche, ikaanza kurudi kinyumenyume huku tairi zinazunguka. Nikashusha upepo kwa kinjiti kwenye valvu, nikapima na geji mpaka psi 20 zote nne. Ukiangalia kwa chini unaona tairi imejitandaza, mguu wake umekuwa mrefu kwenda mbele na nyuma, na kashata zimefunguka kidogo. Nikapanda kile kilima bila kufunga cheni. Kabla ya hapo vijana walikuwa tayari wanakata matawi ya kutandika. Nilipofika lami nikajaza upya, hii ni lazima, usitembee psi 20 kwenye lami hata kilomita chache.

Cheni ninazo na zinafanya kazi, ila zinachana barabara za wanakijiji na wanachukia kwa haki kabisa, kwahiyo mimi ni kitu cha mwisho.

Na kuna seti moja ya AT ya bei rahisi nilinunua zamani, jina silitaji, kashata zilikuwa zinameguka vipande vipande kwenye kokoto, nyama za mpira zinabaki barabarani. Mpira mbaya ni mbaya hata kama mchoro umefanana na wa tairi kubwa. Ukiwa dukani bonyeza kashata kwa ukucha, na uliza watu wanaotembelea tairi hiyo hiyo kwenye kokoto, usiulize anayetembelea mjini.

Mwanaumalila:

Mama shikamoo, umesema kitu ambacho wauzaji hawasemi. Na naongeza hapo kwenye upepo, mwenye tairi za LT asifuate ile karatasi ya mlangoni moja kwa moja. Ile imeandikwa kwa tairi ya kiwandani. LT inahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule, kwahiyo kama mlango unasema psi 29 na umefunga LT, kwenye lami na mzigo utahitaji kupanda, wengi tunacheza kwenye 36 mpaka 40. Anza huko afu tumia kile kipimo cha psi 4 cha Dereva wa Msembe uone gari yako inataka ngapi.

Kijana wa Soweto:

Wakuu nimejifunza mengi. Mi nina Prado 95 nimefunga General Grabber AT3, 265/70R16, ziko vizuri mpaka sasa, kwenye lami hazipigi kelele nilizotegemea. Nina safari mwezi wa kumi na mbili na familia, tunaanza Kitulo kuona maua kisha tunashuka Matema kuogelea. Kitulo wanasema baridi kali, Matema joto na mchanga. Upepo niuchezeje? Nipunguze Kitulo kisha nijaze Kyela au?

Mwanaumalila:

Mkuu hilo ni swali zuri na jibu lake linashangaza watu. Kitulo iko kama mita 2,600 juu ya bahari, Kyela iko kama 500. Ukipanda juu hewa ya nje inapungua nguvu, kwahiyo geji inasoma zaidi, kwa tofauti ya kimo hicho ni kama psi 3. Lakini baridi inavuta upande wa pili, kila joto likishuka nyuzi 10 tairi inapoteza psi moja na nusu hivi, na asubuhi ya Kitulo na mchana wa Kyela zinapishana nyuzi 20 au zaidi. Kwahiyo hivyo vitu viwili vinakaribia kufutana. Usihangaike kuongeza na kupunguza kwa ajili ya kimo. Pima tairi zikiwa baridi kabla hujaondoka Mbeya, weka ya kawaida ya lami na mzigo wa familia, basi.

Utakapopunguza ni Kitulo kama mvua imenyesha, kile kipande cha udongo toka Isyonje ukiacha lami, psi 24 au 25 inatosha, na Prado yako funga ile difu ya katikati mapema kabla hujaingia utelezi, sio ukishakwama. Ukitokea upande wa Chimala kwa kona hamsini na saba usipunguze sana, pale ni mawe na kona kali, unataka ubavu usimame.

Matema kama hutaendesha ufukweni acha kama ilivyo. Ukitaka kuingia mchangani shusha mpaka 18, tembea taratibu bila kukata usukani ghafla, maana kwa upepo huo tairi inaweza kutoka kwenye rimu, na ukisimama simama kwenye mchanga mgumu uliolowa, gari ikiangalia mteremko. Kompresa ijaribu nyumbani kabla, ile ya waya mfupi haifiki tairi za nyuma za Prado.